Mombasa Hadi Naivasha kwa Nduthi: Jinsi ya Kupanga Safari ya Kwenda Safari Rally na Kurudi Ukiwa Mzima

Wiki ya Safari Rally ikifika, Naivasha haikaliki. Hoteli zimejaa, Subaru zinapiga kelele kuanzia Karagita hadi Kongoni, na kila msee mwenye simu anataka video ya gari likiruka vumbini. Siku hizi mbogi za nduthi pia haziachwi nyuma. Utawaona wametoka Kisumu, Meru, Kampala, na hata huku kwetu Pwani, mkoba umefungwa nyuma na rifleta imegeuka rangi ya udongo.

Kutoka Mombasa ni mbali. Hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, halafu ongeza kama 90 hadi Naivasha. Jumla ni kitu kama kilomita 570 kwenda tu. Inawezekana, hata kwa nduthi ya 150 cc. Lakini ukisikiliza stori za wasee waliowahi kuumia kwenye safari kama hii, wengi hawakuumia wakienda. Waliumia wakirudi, Jumapili usiku, wamechoka na kesho ni kazi. Kwa hivyo hii plani tunaianza kutoka mwisho.

Anza na Jumatatu, si Alhamisi

Wengi hupanga hivi: natoka Alhamisi, naona rally, Jumapili nikimaliza nageuza. Hebu tupige hesabu. Steji ya mwisho ya Hell's Gate huwa Jumapili mchana. Tuseme umetoka Naivasha saa nane. Nduthi ndogo ukiweka na vituo vya mafuta, chai na foleni, itakupa wastani wa kilomita 50 kwa saa. Kilomita 570 ni zaidi ya saa kumi na moja. Utafika Mombasa saa saba na nusu usiku, na hapo hakuna pancha wala mvua.

Kibaya zaidi, giza litakukuta karibu na Emali. Maana yake kipande chote cha Tsavo, kutoka Mtito Andei hadi Voi, utakipita usiku. Hapo ndipo matrela yanakimbizana kwenda bandarini, na hapo ndipo ndovu huvuka barabara. Ndovu usiku haonekani hadi umemfikia, maana rangi yake ni ile ile ya giza.

Plani inayobeba ni ya siku saba. Jumatano na Alhamisi unaenda, Ijumaa hadi Jumapili unatazama mbio, Jumapili usiku unalala Naivasha, Jumatatu na Jumanne unarudi. Omba likizo ya siku tano mapema. Kama bosi hakupi, chagua mwenyewe cha kupoteza. Unaweza kukosa steji za Jumapili na kuondoka asubuhi, Power Stage ukaicheki kwa simu mkahawani. Hiyo inauma, lakini afadhali hiyo kuliko kupoteza usingizi na ubaki na mchezo wa bahati barabarani.

Cheki tarehe kwanza

Rally ilianza mwaka 1953 ikiitwa East African Coronation Safari, magari yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakati huo ilikimbiwa kwenye barabara za kawaida kwa maelfu ya kilomita, na wazee wengi wanaikumbuka kama mchezo wa Pasaka. Ilitoka kwenye mashindano ya dunia ya WRC baada ya 2002, ikarudi 2021 ikiwa na makao Naivasha.

Tangu irudi, tarehe zimehama. Mwaka 2021, 2022 na 2023 ilikuwa Juni. Mwaka 2024 ikarudi Pasaka, na 2025 ikawa Machi 20 hadi 23. Usipange kwa kumbukumbu ya mwaka jana. Subiri ratiba rasmi, ndipo uombe likizo na ulipie keja. Pia kumbuka Machi na Aprili ni mlango wa mvua ya masika, hivyo nguo za mvua si pambo.

Tayarisha chuma wiki mbili kabla

Usipeleke nduthi kwa fundi siku moja kabla ya kutoka. Ipeleke wiki mbili kabla, ndiyo upate muda wa kugundua kama kuna kitu kimefungwa vibaya. Mambo ya kucheki:

- Oili mpya. Injini hizi ndogo hupozwa na hewa, na joto la Taru halina huruma.
- Tairi zote mbili. Kama ya nyuma imeanza kuwa kipara, badilisha. Upepo wa tairi uongezwe kulingana na mzigo.
- Cheni na sproketi. Cheni iliyolegea inaruka, iliyokazwa sana inakatika. Mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati ni sawa kwa nduthi nyingi.
- Breki, taa zote na honi. Usiangalie taa ya mbele tu. Taa ya nyuma ndiyo inayomwambia dereva wa trela kwamba upo.
- Betri na nati zote za kiti, keria na sailensa. Mtikisiko wa saa nyingi hufungua nati ambazo mtaani hazijawahi kulegea.

Beba tyubu moja ya mbele na moja ya nyuma, pampu ndogo, plagi, kebo ya klachi na ya mafuta, fyuzi, balbu, spana zinazofaa nduthi yako, waya na tepu. Na ujue kuzitumia. Tyubu mpya haisaidii kama hujawahi kutoa tairi mwenyewe.

Jumamosi moja kabla ya safari, enda Mombasa hadi Voi na urudi. Ni kama kilomita 300. Hapo utajua kiti kinauma wapi, mzigo unahama au la, na nduthi inakula mafuta kiasi gani.

Hesabu ya mafuta na chapaa

Kwenda na kurudi ni kilomita 1,140. Ongeza kama 200 za kuzunguka Naivasha, jumla 1,340. Nduthi ikitembea kilomita 40 kwa lita, unahitaji lita 34 hivi. Panga lita 40, uzidishe na bei ya EPRA. Bei mpya hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, na inaanza kutumika usiku huo, kwa hivyo inaweza kubadilika ukiwa njiani.

Baada ya mafuta, gawa doh kwa mafungu: kulala, kudishi, kiingilio cha kambi au mbuga, na fungu la dharura lisiloguswa. Fungu hilo liwe na uwezo wa kulipa pikapu ya kubeba nduthi hadi mji wa karibu pamoja na usiku mmoja wa ziada gesti. Weka mengine M-Pesa na kiasi kidogo taslimu, maana kuna sehemu za steji ambapo mtandao hukwama watu wakijaa.

Karatasi

Leseni yenye daraja la pikipiki, bima inayofanya kazi hadi siku ya kurudi, na kitambulisho. Sheria inataka helmeti na rifleta kwa dereva na abiria, na abiria ni mmoja tu. Karao watakuwa wengi wiki hiyo. Ukiwa na kila kitu, kusimamishwa ni dakika mbili tu.

Siku ya kwanza: Mombasa hadi Makindu

Toka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya malori ya Changamwe na Miritini kuamka vizuri. Mazeras, Mariakani, Samburu, Mackinnon Road, halafu Voi, kama kilomita 150. Hapo pumzika, kunywa maji na ujaze tangi hata kama lina nusu.

Voi hadi Mtito Andei ni karibu kilomita 95, mbuga pande zote mbili. Upepo wa ubavuni husukuma nduthi nyepesi, na trela likikupita linakusukuma kwanza kisha linakuvuta. Shika usukani bila kukaza mikono, na usijifungie nyuma ya lori kwa sababu ya kukingwa upepo. Likifunga breki, huna pa kwenda.

Kutoka Mtito unaingia Kibwezi, kisha Makindu, kama kilomita 320 kutoka Mombasa. Ukitoka alfajiri unafika mchana wa saa saba au saa nane, bado una mwanga wa kucheki cheni na kuosha vioo. Hapo kuna hekalu maarufu la Masingasinga ambalo limekaribisha wasafiri kwa miaka mingi, chakula na malazi bila malipo ya lazima. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na pombe wala sigara, na acha sadaka ya kulingana na mfuko wako. Ukipata pamejaa, gesti za mji zipo.

Siku ya pili: Makindu hadi Naivasha

Emali, Sultan Hamud, Salama, Athi River. Unapokaribia Nairobi, kumbuka Expressway hairuhusu pikipiki. Baki chini Mombasa Road, kisha shika Southern Bypass hadi upande wa Kikuyu, ndiyo ukwepe tao kabisa.

Baadaye kuna njia mbili. Ya juu inapitia Limuru, Kimende na Kinungi. Ya chini inashuka Mai Mahiu, ikipita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942. Ya chini ina mandhari lakini ina kona, mteremko na malori yanayonusa breki. Ya juu ina ukungu na baridi ambayo mtu wa Pwani hajaizoea. Chagua kwa hali ya hewa ya siku hiyo, na uliza madereva wa matatu kuhusu ujenzi na foleni kabla ya kuamua.

Ukiwa hapo juu usishtuke nduthi yenye kabureta ikilegea nguvu. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Shuka gia moja, nenda polepole. Naivasha yenyewe iko karibu mita 1,900, kwa hivyo usiku vaa jaketi.

Kulala na kutazama

Keja za Naivasha hupanda bei wiki ya rally, na huisha mapema. Lipia miezi miwili kabla, au beba hema na ulale kwenye kambi za Moi South Lake Road. Usipige hema ufuoni nje ya kambi. Kiboko hutoka ziwani usiku kula nyasi. Ukikosa kabisa, Gilgil iko kama kilomita 30, na iko karibu na upande wa Elmenteita.

Usijaribu kuona steji zote. Miaka ya hivi karibuni Kedong na Loldia zimekuwa za Ijumaa, Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior za Jumamosi, na Hell's Gate ya Jumapili, ingawa ratiba hubadilika. Chagua moja kwa siku. Barabara hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza, kwa hivyo uwe umefika asubuhi na mapema, na uegeshe pale askari watakapokuonyesha.

Kedong kuna vumbi laini kama unga, wanaliita fesh-fesh. Magari ya WRC yamezama humo, sembuse nduthi yako yenye tairi za lami. Egesha, tembea. Jioni fungua filta ya hewa uipige vumbi.

Na ile tabia ya kutoka steji kila mtu akijiona Ogier, wachia wenye roho mbili. Ogier ana mtu pembeni anayemsomea kona, barabara imefungwa, na helikopta ya daktari iko karibu. Wewe una matatu inayokuja mbele yako.

Jumatatu asubuhi

Jumapili jioni, wengine wakiwasha mashini kurudi, wewe osha nduthi, kaza cheni, cheki tairi, kula vizuri na ulale. Pombe ikiwa lazima, iwe kidogo na iishe mapema. Wakati wa kutoka mtumie mtu wa nyumbani ujumbe: natoka Naivasha saa hii, nitakupigia Makindu saa fulani. Asipokusikia, anajua aanze kuuliza wapi.

Mkiwa mbogi, kubalianeni kabla: anayeenda polepole awe mbele, na atakayesema amechoka, wote wasimame. Hakuna kumcheka. Ukianza kusahau kilomita chache zilizopita, au ukijikuta unapiga miayo ndani ya helmeti, wewe ndiye huyo. Simama kituo cha karibu, lala dakika ishirini, kunywa maji.

Jumanne mchana ukishuka Mazeras na kuhisi joto la bahari usoni, safari imebaki kidogo. Usiongeze mwendo. Foleni ya Changamwe itakuwa pale pale, na stori zako za rally zinasubiri mtu wa kuzisimulia.