Utenguzi wa uchawi katika michezo ya kadi ya kidijitali

Utenguzi wa uchawi ni kitendo cha kubatilisha kadi ya uchawi ya mpinzani baada ya kuchezwa na kabla haijaleta athari yake. Kadi iliyotenguliwa hutupwa, na mana, yaani nguvu iliyolipwa ili kuicheza, hairudi. Kwa hiyo aliyeshambulia hupoteza mara mbili: kadi yake, na sehemu ya zamu aliyoitumia kuicheza.

Chimbuko lake ni Magic: The Gathering, mchezo wa karatasi uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Toleo la kwanza kabisa lilikuwa na kadi ya Counterspell, iliyotengua uchawi wowote kwa mana 2 za buluu. Kanuni za kuamua ni kadi ipi inaanza kufanya kazi zilikuwa na utata mwingi hadi mwaka 1999, Toleo la Sita lilipoleta utaratibu wa rundo. Kila uchawi unaochezwa huwekwa juu ya rundo, wachezaji hupewa nafasi ya kujibu, na wakishamaliza, kadi ya juu ndiyo hutangulia kufanya kazi. Mtenguzi huweka kadi yake juu ya uchawi wa adui, ikafanya kazi kwanza, na uchawi uliokuwa chini yake ukafutika. Naye adui anaweza kuweka kadi nyingine juu ya utenguzi huo na kuutengua.

Bei ya mana 2 ilikuja kuonekana kuwa rahisi mno, na ndipo mwaka 2006 ikatolewa Cancel, yenye kazi ileile kwa mana 3. Nyingine ziliwekewa mipaka: Negate haigusi viumbe, Essence Scatter hugusa viumbe tu, na Mana Leak hushindwa mpinzani akiweza kulipa mana 3 za ziada. Force of Will ya mwaka 1996 ilifuata njia ya peke yake. Asiye na mana yoyote anaweza kuicheza kwa kupoteza pointi 1 ya uhai na kuondoa mchezoni kadi nyingine ya buluu iliyo mkononi mwake.

Ugumu wa kweli ulikuja mchezo ulipohamia kwenye kompyuta. Mezani, mchezaji humwuliza mwenzake kwa macho tu kama ana la kujibu. Programu haina macho hayo. Ikisimama baada ya kila kadi kuuliza, mchezo unakuwa mrefu hadi unachosha; isiposimama, mtenguzi ananyimwa haki yake. Magic: The Gathering Arena, iliyotolewa rasmi mwaka 2019, hupita yenyewe pale mchezaji asipokuwa na kadi anayoweza kujibia. Mchezo unakwenda haraka, lakini siri inavuja: adui akicheza uchawi na mchezo ukasita kidogo, anajua kwamba upande wa pili kuna kitu. Usiposita, anajua pia. Ule ujanja wa mezani wa kuacha mana 2 za buluu bila kuzitumia, ili adui aogope kadi ambayo huna, unapoteza nguvu. Dawa yake ni hali ya udhibiti kamili, ambayo huulazimisha mchezo usimame kila mara, hata mkono ukiwa mtupu. Anayecheza bunda la kutengua na hajajifunza kuitumia anampa adui habari za bure kila zamu.

Yu-Gi-Oh! Master Duel ya Konami, iliyotoka mwaka 2022, ina tatizo hilohilo, nayo humpa mchezaji kitufe cha kuchagua kuulizwa daima, kutoulizwa, au kuuachia mchezo uamue. Humo kazi ya kutengua hufanywa na mtego wa kukanusha, ambao una kasi ya daraja la 3 na hujibiwa kwa mtego mwingine wa aina hiyo tu. Mitego hii ina gharama zake: Magic Jammer hudai utupe kadi 1 ya mkononi. Solemn Judgment hudai nusu ya uhai wako. Asomaye kadi hizi aangalie sana maneno yake, kwa sababu kukanusha uchezaji wa kadi na kukanusha athari yake ni mambo mawili yenye matokeo tofauti.

Hearthstone ya Blizzard, ya mwaka 2014, ilikata shauri kwamba hakuna kuingilia zamu ya mwenzako. Utenguzi hutegwa mapema kama siri: mchawi wa kundi la Mage hulipa mana 3, alama ya kuuliza inaonekana juu ya picha yake, na uchawi wa kwanza wa adui katika zamu ya adui hubatilika wenyewe. Hakuna kusita kunakofichua kitu, ila mtegaji hachagui tena ni uchawi upi aufute. Adui mwerevu hutanguliza kadi hafifu, mara nyingi ile Sarafu ya bure anayopewa anayeanza wa pili, kisha huachilia shambulio lake kubwa kwa amani. Kwa maoni yangu huu ndio utenguzi dhaifu kuliko wote uliotajwa hapa, ingawa ndio ulio rahisi zaidi kwa mgeni kuuelewa.

Legends of Runeterra ya Riot Games, ya mwaka 2020, ilipata suluhisho bora zaidi. Uchawi wake una kasi tofauti: ule wa papo hapo hauwezi kujibiwa kamwe, wa haraka na wa polepole hujibiwa. Deny, kadi ya eneo la Ionia, husimamisha aina hizo mbili kwa mana 4. Mana zisizotumika, hadi 3, huhifadhiwa kwa ajili ya uchawi wa baadaye, hivyo anayesubiri kutengua hapotezi mengi adui asiposhambulia.

Mshambuliaji naye ana njia zake. Anaweza kutanguliza chambo, au kusubiri hadi mtenguzi amalize mana zake. Katika Magic zipo pia kadi zisizotenguliwa kabisa, kama Carnage Tyrant ya mwaka 2017, na ardhi ya Cavern of Souls ya mwaka 2012, ambayo hulinda viumbe vya jamii moja aliyoichagua mchezaji.