Kupitisha waya wa antena kwenye ukuta na paa: mambo ya kujua kabla ya kutoboa

Katika sehemu nyingi za mashariki ya nchi yetu, kazi ya kanisa bado inategemea antena. Kituo cha afya kina foni ya kuomba msaada wakati mama mjamzito anazidiwa usiku. Redio ya parokia inapeleka Neno mpaka vijiji ambako simu haishiki. Gari la uinjilisti lina foni yake ili wasafiri wajulikane walipo. Tunatafuta feza, tunanunua chombo, tunasimamisha mlingoti, tunaomba juu yake. Kisha fundi anatoboa tundu mahali anapoona rahisi, waya unaingia, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha.

Tundu hilo ndilo tunalotaka kulizungumzia. Mahali waya unapoingia nyumbani ndipo maji ya mvua yanapoingia pia, na ndipo nguvu ya radi inapopata mlango. Tumekusanya hapa mambo ya msingi kwa ajili ya wachungaji, wauguzi na kamati za ujenzi, ili waweze kusimamia kazi ya fundi hata kama wao wenyewe si mafundi.

Sababu gani jambo hili ni zito kwetu

Sisi tunaishi katika nchi ya radi. Wataalamu waliohesabu radi kwa njia ya satelaiti waliona kwamba mahali pa kwanza duniani ni Ziwa Maracaibo, nchini Venezuela, penye radi 233 hivi kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Mahali pa pili ni Kabare, katika Kivu ya Kusini, penye 205 hivi. Walungu, Kalehe, Masisi na Walikale hazihitaji kuambiwa, zinajua.

Majirani zetu pia wanajua. Mwezi wa Machi 2018, radi ilipiga kanisa wilayani Nyaruguru, kusini ya Rwanda, watu wakiwa katika ibada, na zaidi ya watu kumi walifariki. Mwezi wa Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini ya Uganda, watu 14 walikufa kwa radi walipokusanyika kuomba. Hatusemi kwamba ajali hizo zilitokana na antena. Tunazikumbuka kwa sababu zinatuonyesha kwamba jengo lililojaa watu linahitaji ulinzi, na kwamba mtu anayeongeza chuma kirefu na waya kwenye jengo hilo anajichukulia wajibu mpya.

Ukuta kwanza, paa baadaye

Kanuni ya kwanza ni hii: kama waya unaweza kupita ukutani, usitoboe paa. Maji ya mvua yanatembea juu ya paa lote, na kila tundu juu ya bati ni tundu linalosubiri kuvuja. Ukutani, chini ya ukingo wa paa, mvua inafika kidogo tu. Tena ukutani fundi anafika kwa ngazi fupi kukagua na kutengeneza, bila kukanyaga mabati na kuyakunja.

Kabla ya kutoboa, angalieni mambo matatu. Kwanza, chombo kitakaa wapi? Waya mfupi unapoteza nguvu kidogo kuliko waya mrefu. Pili, je, ndani ya ukuta au karibu yake mnapita waya za umeme? Waya wa antena usitembee pamoja nazo. Tatu, mlingoti utasimama wapi? Usimamishwe hata kidogo mahali ambapo ukianguka unaweza kugusa waya za umeme za barabarani. Kama mlingoti una mita 10, uwe mbali na waya hizo kwa mita 15 au zaidi.

Namna ya kutoboa ukuta

Tundu litoboliwe kwa mshazari: upande wa ndani uwe juu, upande wa nje uwe chini. Kwa ukuta wa tofali wenye unene wa sentimita 20, tofauti ya sentimita 2 inatosha. Hivyo maji yakijaribu kuingia yanarudi nje yenyewe.

Ndani ya tundu wekeni kipande cha tiyo ya plastiki, na kitokeze nje kidogo, sentimita 3 hivi. Tiyo inalinda waya usikwaruzwe na tofali, na kesho mtaweza kuuvuta na kuweka mwingine bila kubomoa ukuta. Zibeni kando ya tiyo kwa simenti. Waya ukisha kupita, zibeni mdomo wa tiyo kwa silikoni ili nyuki, panya na nyoka wasipate njia.

Kisha fanyeni kitanzi cha maji. Waya unaposhuka kutoka kwenye mlingoti usiingie moja kwa moja ndani ya tundu. Uacheni ushuke chini ya tundu kwa sentimita 15 au zaidi, halafu upande tena na kuingia. Tone la mvua linalofuata waya litaanguka kwenye sehemu ya chini ya kitanzi, halitapanda. Kitanzi hiki hakigharimu kitu isipokuwa waya kidogo, lakini kinaokoa vyombo vingi. Kiwe cha duara pana. Waya mnene ukikunjwa kwa nguvu unaharibika ndani hata kama nje unaonekana mzima.

Juu ya ukubwa wa tundu: waya mwembamba wa foni una unene wa milimita 5, na ule mnene una milimita 10 hivi. Lakini fishi inayofungwa mwishoni mwake ina milimita 18 au 19. Fundi mwenye hekima anapitisha waya kwanza, halafu anafunga fishi ndani ya nyumba. Tundu linabaki dogo. Hakikisheni pia aina ya waya: foni na mashini ya kutangazia FM vinatumia waya wa ohmu 50, ule wa televisheni ni wa ohmu 75. Kwa macho vinafanana, kwa kazi havifanani.

Kama ni lazima kupita juu ya bati

Kuna nyumba za mbao au za udongo ambako hakuna njia nyingine. Hapo toboeni kwenye mgongo wa bati, kule juu, si kwenye bonde ambako maji yanapita. Ndiyo maana hata misumari ya mabati tunaipiga kwenye mgongo.

Ukingo wa bati unakata kama kisu. Upepo ukitikisa waya kila siku, baada ya miezi michache bati litakuwa limekula ngozi ya waya na kufika kwenye shaba. Wekeni duara la mpira kwenye tundu. Kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la gari, kilichokatwa vizuri, kinafaa. Juu yake fungeni kiwiko cha tiyo kinachoangalia chini, ili mvua isipate mdomo wa kuingilia, na mzibe kando kwa silikoni au lami. Waya wa shaba ulio uchi usilale juu ya bati: shaba na zinki vikikutana katika maji, zinki inaliwa, na bati linashika kutu hapo mapema.

Maji yaliyojificha

Kuna uvujaji usioonekana sakafuni. Waya wa antena una uzi wa shaba katikati na wavu wa shaba unaouzunguka. Kama fishi ya juu, kule kwenye antena, haikufungwa vizuri, maji yanaingia ndani ya wavu huo na kushuka polepole kama mafuta ndani ya utambi wa taa. Ukikata waya wa namna hiyo, utakuta shaba imekuwa nyeusi. Sauti inadhoofika, mawimbi yanarudi kwenye mashini badala ya kwenda angani, mashini inapata moto na mwishowe inaungua. Watu wanasema, "chombo kilikuwa kibovu." Mara nyingi ubovu ulikuwa kwenye fishi.

Basi kila fishi ya nje ifungwe kwa mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, halafu juu yake mkanda wa kawaida wa umeme. Kufunga kuanzie chini kwenda juu, ili kila mzunguko ufunike ule wa chini kama mabati yanavyofunikana.

Radi ipelekwe udongoni kabla ya kufika mlangoni

Radi ya kawaida inabeba ampea 30.000 hivi. Fyuzi ya nyumbani inakatika kwa ampea 10 au 16. Hakuna kifaa kidogo cha mezani kinachoweza kusimama mbele ya nguvu hiyo. Tunachoweza kufanya ni kuipa njia fupi na nyepesi ya kwenda udongoni, nje ya nyumba.

Mlingoti wa chuma uunganishwe na udongo kwenye mguu wake. Tena, kwenye tundu la ukuta, upande wa nje, fungeni kifaa cha kukinga radi juu ya waya wa antena, nacho kiunganishwe na fimbo ya shaba iliyopigwa ndani ya udongo kwa mita 2 au zaidi. Waya wa shaba unaoshuka udongoni uwe mnene, milimita za mraba 16 au zaidi, na ushuke wima bila kona kali, kwa sababu radi haipendi kona, inaruka. Udongo wa mlingoti, wa mabati, wa sola na wa umeme wa nyumba vyote viunganishwe pamoja. Vikiachwa mbalimbali, radi itaruka kutoka kimoja hadi kingine kwa kupitia chombo, au kwa kupitia mtu.

Kule Goma na kandokando yake, ambako fimbo haiingii kwenye mawe ya volkano, chimbeni mifereji mirefu na mlaze waya wa shaba ndani yake pande mbalimbali, kisha mfunike kwa udongo unaoshika maji.

Hata hivyo, ulinzi ulio bora ni kuchomoa. Mkiona umeme wa radi, hesabuni sekunde mpaka ngurumo isikike. Sekunde 3 ni kilometa 1. Kama hazifiki 30, radi iko karibu: waya wa antena ungekuwa umekwisha kuchomolewa. Msiuache mezani kando ya chombo; utolewe nje, ndani ya kisanduku karibu na fimbo ya udongo. Mkisha kuona radi iko karibu, msiguse waya tena. Ondokeni karibu nao. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mtu anayezungumza kwenye foni wakati wa radi anahatarisha maisha yake, hata kama habari ni ya lazima.

Kwenye gari

Kwenye gari kanuni ni zilezile. Antena ya foni inafungwa mara nyingi kwenye chuma cha mbele au juu ya paa. Waya usipitishwe kwenye mlango, kwa maana kila ukifungwa unaupondaponda. Tafuteni tundu lenye mpira ambalo watengenezaji waliliacha kwenye ukuta wa chuma kati ya mota na dereva. Mkilazimika kutoboa paa, ondoeni rangi kidogo tu, pakeni dawa ya kutu, wekeni duara la mpira, acheni kitanzi cha maji. Gari lenye mwili wote wa chuma linawakinga walio ndani wakati wa radi, madirisha yakiwa yamefungwa na mikono ikiwa mbali na foni na chuma. Gari la turubai haliwakingi.

Radi si ushahidi juu ya mtu

Tunamalizia na jambo la kichungaji. Radi ikipiga nyumba yenye antena, katika vijiji vyetu swali la kwanza si "udongo uliunganishwa?" Swali ni "nani aliituma?" Mara nyingi anayetajwa ni mzee asiye na mtetezi, au mjane. Wengine wamefukuzwa, wengine wamepoteza maisha.

Katika Luka 13:4 Yesu aliwakumbusha watu juu ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Na katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kandokando ya paa, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Andiko la kwanza linatukataza kumtafuta mchawi. La pili linatuagiza kufanya kazi vizuri. Mchungaji anayejua njia ya radi ana neno la kusema siku jamaa wenye uchungu wanapotaka kumshika mtu.

Kabla ya kumlipa fundi

Simameni naye nje, mkaulize:

- Je, tundu linaelekea chini upande wa nje, na tiyo ipo?
- Kitanzi cha maji kiko wapi?
- Waya unagusa bati au tofali mahali gani, na kuna mpira?
- Fishi za nje zimefungwa kwa mkanda, kuanzia chini?
- Fimbo ya udongo iko wapi, na imeunganishwa na vitu gani?
- Nani atachomoa waya radi ikikaribia, na nani akiwa hayupo?

Swali la mwisho liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa juu ya chombo, pamoja na majina. Na kila mwaka, kabla mvua za Septemba hazijaanza, mtu apande ngazi akague yote tena.

Bwana ailinde nyumba zetu, nasi tufanye sehemu yetu.