Jiwe la Kunguru: Kijiji cha Hollókő, Kanisa Lake na Ngano Zake

Katika mapisi ya Afrika Mashariki Wahungaria hutajwa kwa nadra, na wanapotajwa huwa ni kwa ajili ya Sámuel Teleki, aliyeondoka Pangani mwaka 1887 na msafara mkubwa, akiongozwa na mfanyabiashara Jumbe Kimemeta, na mwaka uliofuata akalifikia Ziwa Turkana na kulipa jina la mwana wa mfalme wake. Mhadhara huu hauhusu safari ile. Unahusu kijiji kimoja kidogo nchini Hungaria kwenyewe, ambacho kimenivutia kwa sababu kinaibua swali linalotuhusu sisi tunaoshughulika na fasihi simulizi: kitu huhesabiwa kuwa cha kale kwa kigezo gani?

Hollókő kiko katika jimbo la Nógrád, kaskazini ya nchi, kati ya vilima vya Cserhát, mwendo wa kama kilomita 100 kutoka Budapest. Idadi ya wakazi wake haifiki watu 400. Wenyeji ni Wapalóc, kundi la Wahungaria lenye lahaja yake, mavazi yake na namna yake ya kujenga. Lahaja yenyewe hutambulikana haraka kwa irabu: irabu ambayo Kihungaria sanifu huitamka kwa kuviringa midomo, Mpalóc huitamka kwa midomo iliyotandazwa, na ile inayotamkwa hivi katika lugha sanifu yeye huiviringa. Kálmán Mikszáth, mwandishi mzaliwa wa eneo hilo, aliwapa watu hawa nafasi katika fasihi andishi kwa mkusanyo wake wa hadithi fupi uliotoka mwaka 1882.

Kilichotangulia ni ngome. Wamongoli waliivamia Hungaria mwaka 1241 na kuiacha magofu. Walipoondoka, Mfalme Béla wa Nne aliwahimiza makabaila wajenge ngome za mawe juu ya vilele. Ukoo wa Kacsics ulijenga yake juu ya mwamba wa Hollókő, na kijiji cha kwanza kikakaa chini ya kuta zake. Waturuki waliiteka ngome mwaka 1552, ikawa inapokonywa na kurejeshwa hadi walipoondolewa kabisa mwaka 1683. Baada ya vita vya Rákóczi kumalizika mwaka 1711, watawala wa Vienna hawakutaka tena ngome zinazoweza kuwahifadhi waasi, na hii nayo ikabomolewa kwa sehemu. Kijiji cha zamani kikahamwa, na watu wakajenga upya mahali pa chini zaidi, panapoonekana leo.

Sasa tuitazame ngano. Jina Hollókő ni maneno mawili: *holló*, yaani kunguru mkubwa mweusi, na *kő*, jiwe. Inasimuliwa kwamba bwana mmoja wa ukoo wa Kacsics alimteka mwanamke mzuri na kumfungia ndani ya ngome aliyokuwa akiijenga. Yaya wa mwanamke huyo alikuwa mchawi. Akafanya mapatano na shetani, na shetani akawatuma wanawe wajigeuze kunguru. Kila jiwe lililopangwa mchana, kunguru walilibeba usiku, mpaka ngome ya mtekaji ikatoweka. Na kwa mawe yaleyale ikasimama ngome nyingine juu ya mwamba, ndiyo Hollókő.

Ni rahisi kusema kwamba hapa jina limezaa hadithi, na bila shaka ni kweli. Lakini maelezo hayo hayatoshi. Tukumbuke Habari za Kilwa, ambamo kisiwa kinanunuliwa kwa nguo zinazotosha kukizunguka. Ngano ile inampa mgeni haki ya kumiliki: alilipa. Ngano ya Hollókő inafanya kinyume chake. Inamwambia msikilizaji kwamba ngome ya bwana haikujengwa kwa haki ya bwana. Imejengwa kwa mawe aliyonyang'anywa kwa sababu ya dhuluma yake, na aliyesababisha hayo ni mtumishi, mwanamke mzee asiyetajwa hata jina. Wakulima waliofanyishwa kazi na makabaila kwa karne nyingi walikuwa na sababu nzuri ya kuihifadhi hadithi ya namna hiyo. Hati za ngome hutaja wamiliki. Yaya hayumo ndani yake.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili kuna jambo jingine. Kihungaria ni lugha ambishi kama yetu, ingawa hupendelea kuweka viambishi nyuma. *Ház* ni nyumba. *Házamban* ni "nyumbani mwangu", ambapo *-am-* ni umilikaji na *-ban* ni mahali, kama *-ni* yetu. Haina jinsia ya kisarufi: *ő* ni "yeye", mwanamume au mwanamke. Mfasiri wa Kiswahili kwa hiyo halazimiki kuamua mapema mambo ambayo msimulizi ameyaacha wazi. Na katika ngano hii tunayo nafasi ambayo Kihungaria chenyewe hakina: upatanisho wa ngeli ya viumbe hai. "Walibeba" ni hao wana wa shetani, na "walibeba" ni hao kunguru. Mgeuko unapita bila sarufi kushtuka. Hata mwanzo wa ngano za Kihungaria, usemao kwamba palikuwapo na hapakuwapo, hauko mbali na "paukwa" na "pakawa": kabla ya tukio lolote, msikilizaji anaombwa kukubali kuwapo kwa mahali.

Kuhusu makanisa, historia ni ndefu kuliko jengo. Mfalme Stefano, aliyevikwa taji kati ya mwaka 1000 na 1001, aliamuru katika sheria zake kwamba kila vijiji kumi vijenge kanisa moja. Sheria hiyo iliufanya ujenzi wa kanisa kuwa wajibu wa wanavijiji. Kanisa la Hollókő tunaloliona lilijengwa mwaka 1889, nalo ni la Kikatoliki. Ni dogo, kuta zake ni nyeupe, na mnara wake ni wa mbao uliofunikwa vigae vya mbao. Halikuiga makanisa makuu ya mijini. Mafundi walichukua namna ileile ya kujenga nyumba zao, wakaielekeza juu. Limesimama katikati ya kijiji, na barabara ya zamani inagawanyika hapo.

Nyumba zenyewe ni ndefu na nyembamba, upande mfupi ukiitazama barabara. Msingi ni wa mawe, kuta ni za miti na udongo zilizopakwa chokaa, na ubavuni kuna baraza yenye nguzo za mbao zilizochongwa. Ukoo ulipoongezeka, nyumba nyingine ilijengwa nyuma ya ile ya kwanza katika kiwanja kilekile. Mbao na mapaa ya nyasi vilileta moto mara kwa mara. Mwaka 1782 ilitolewa amri ya kukataza kujenga kwa mbao. Wenyeji hawakuitii. Mwaka 1909 kijiji kiliungua tena, nacho kikajengwa upya kwa umbo lilelile, ingawa vigae vilichukua nafasi ya nyasi.

Hapa ndipo penye ubishi. Mwaka 1987 UNESCO iliiingiza Hollókő katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na kingo za Danube na mtaa wa ngome ya Buda, vikiwa vya kwanza kutoka Hungaria. Wako wanaosema kwamba kijiji kinachoitwa cha kale, ambacho nyumba zake nyingi hazijafikisha miaka 120, ni maonyesho tu. Siafikiani nao. Mtu anayeikataa Hollókő kwa hoja hiyo itambidi aikatae pia kila ngano iliyosimuliwa jana usiku, kwa kuwa pumzi iliyoitamka ni ya jana. Waliojenga mwaka 1910 walijua upana wa baraza na mwinamo wa paa kwa kufundishwa na wazee wao, kama msimulizi ajuavyo mahali pa kunguru katika hadithi.

Hoja nzito zaidi ni nyingine. Nyumba kadhaa za sehemu ya kale sasa ni makumbusho, karakana za kazi za mikono na nyumba za wageni, na vijana wengi wamehamia mijini. Jumatatu ya Pasaka wanaume waliovaa mavazi ya Kipalóc huwamwagia wanawake maji ya kisima, desturi inayojulikana kote Hungaria, na watalii huja kwa wingi kutazama. Hatari ya mwaka 1909 ilikuwa moto, na waliobaki walijenga upya. Sasa kuta ziko salama kuliko zilivyowahi kuwa, lakini wale ambao wangezijenga tena wanazidi kupungua.