Mtu ni Afya: Somo Lililopita Hewani

Katika historia ya elimu ya watu wazima nchini Tanzania, mwaka 1973 una mahali pake pa pekee. Mwaka huo watu wapatao milioni mbili, wake kwa waume, walishika somo moja kwa muda wa majuma 12, na mwalimu wao mkuu alikuwa sauti ya redio. Somo lenyewe lilihusu afya, na jina lake lilikuwa Mtu ni Afya.

Haja ya kufundisha kwa njia hiyo ilikuwa dhahiri. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 12, na walio wengi walikaa mashambani. Karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Madaktari walikuwa wachache, na hospitali zilikuwa mbali. Tena maradhi yaliyowasumbua watu yalikuwa, kwa sehemu kubwa, maradhi yanayozuilika. Safura huenea kwa sababu mayai ya minyoo hudondoka ardhini pamoja na kinyesi, yakaanguliwa, na viluwiluwi vyake vikapenya nyayo za mtu apitaye pekupeku. Kichocho hutoka kwa mtu, kikaingia majini, kikakaa ndani ya konokono, kisha kikamrudia mtu achotaye maji au aogaye. Kuhara damu hufuata mikono, nzi na maji machafu. Basi dawa ya kwanza ya maradhi hayo haikuwa ndani ya chupa. Ilikuwa jembe na sepeto la kuchimbia choo.

Lakini nani angewafikia watu wote hao? Redio ilikuwapo. Tangu mwaka 1951, ilipoanza Sauti ya Dar es Salaam, watu walikuwa wamezoea kusikiliza habari na nyimbo kutoka mbali. Hata hivyo redio ina upungufu wake: husema, wala haisikilizi. Asiyeelewa hawezi kuiuliza, na anayebisha hawezi kujibiwa. Upungufu huo ulikuwa umekwisha kutafutiwa tiba kwingineko. Huko Canada, tangu mwaka 1941, wakulima walikuwa wakikusanyika katika nyumba za majirani, wakasikiliza matangazo yaliyotungwa kwa ajili yao, kisha wakayajadili. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam iliijaribu njia hiyo ya vikundi kwa hatua ndogo ndogo. Mwaka 1969 palikuwa na Kupanga ni Kuchagua, juu ya mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, palikuwa na Wakati wa Furaha, nao walioshiriki walikuwa kama watu 20,000. Kutoka hesabu hiyo hadi milioni mbili ni safari ndefu, nayo ilikwenda kwa miaka miwili tu.

Kilichowezesha safari hiyo si mitambo, bali watu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ngazi: wachache waliwafundisha wengine, na hao wakawafundisha walio chini yao, mpaka mafunzo yakafika kijijini. Kiongozi wa kikundi hakuhitajiwa kuwa mganga. Yatosha alijua kusoma na alikubalika kwa wenzake. Kikundi kilipokutana, kilisikiliza matangazo, kikasomewa sehemu ya kitabu kwa sauti, kikaulizana kama maradhi yaliyotajwa yapo kwao na yanatoka wapi, kisha kikaamua la kufanya. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyolitofautisha somo hili na hotuba.

Matunda yake yalionekana kwa macho. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, vichaka vikafyekwa karibu na nyumba, na madimbwi yaliyozaa mbu yakafukiwa. Wala si ajabu. Choo ni jambo la nyumbani, lakini faida yake ni ya jirani: nyumba moja ikichimba na kumi zisichimbe, ile moja haijaokoka. Aliyekubali mbele ya jirani zake alijua kwamba wataona kama amechimba. Tena yapo maswali ambayo redio haina jibu lake. Katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki ni mwiko baba mkwe na mkaza mwana kutumia choo kimoja. Mtangazaji aliyeko Dar es Salaam hawezi kulikata shauri kama hilo. Wazee wa mahali waliokaa pamoja wanaweza.

Pamoja na hayo, somo lilikuwa na mipaka yake. Maarifa hayaleti bomba la maji penye ukame, wala hayapunguzi kuni za kuchemshia maji ya kunywa. Zaidi ya hayo, mwezi Novemba mwaka uo huo wa 1973 serikali ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya pamoja si hiari tena, na ikaweka mwisho wa mwaka 1976 kuwa kikomo. Mamilioni ya watu wakahama, wengine bila ya kupenda. Kila aliyehamishwa baada ya kuchimba aliacha choo chake nyuma, maana choo hakibebwi. Alichoweza kuchukua ni kile alichokielewa tu. Aliyechimba kwa kuwa ameelewa alikuwa na sababu ya kuchimba tena. Aliyechimba kwa kuogopa kiongozi alingoja kuamrishwa mara ya pili.

Njia ya kufundisha afya kutoka mbali haikukoma hapo, ila vyombo vyake vilibadilika. Nchini Kenya, mwaka 2005, shirika la AMREF pamoja na baraza la wauguzi la nchi hiyo walianza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti, ambao walikuwa zaidi ya 20,000, ili wapande ngazi pasipo kuacha kazi zao. Manufaa yake ni makubwa, kwa kuwa muuguzi anayekwenda chuoni miaka miwili huiacha zahanati bila mtu. Lakini hata huko masomo ya kompyuta yalifungamanishwa na mazoezi wodini, chini ya jicho la mkufunzi, kwa kuwa mkono haujifunzi kumhudumia mgonjwa kwa kutazama kioo.

Hapo historia ya mwaka 1973 inatoa hukumu yake. Umbali si adui wa elimu ya afya, na sauti inaweza kuvuka mito na milima kwa gharama ndogo. Lakini kila mara ilipofaulu, mwisho wa safari ya sauti hiyo palikuwa na watu waliokaa pamoja, wakauliza, wakabishana, wakaondoka na kazi ya kufanya. Mpango wowote unaonunua vyombo ukawasahau watu hao umelipia nusu ya somo, na nusu iliyobaki ndiyo inayookoa maisha.