Kuni za Virunga

Leo tunarudi Julai 1994, mjini Goma, mashariki ya nchi ambayo wakati ule iliitwa Zaire.

Kwa siku chache tu, watu zaidi ya laki saba walivuka mpaka kutoka Rwanda. Wengi waliwekwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, makambi yaliyokuwa kando ya msitu wa serikali: Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ya kwanza barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925.

Walipewa mahindi na maharage. Wewe unayepika maharage makavu, nikueleze nini? Kuni za kugawa zilikuja baadaye, tena hazikutosha. Basi watu wakaokota matawi makavu. Yalipoisha wakashika panga. Makumi ya maelfu waliingia msituni kila siku, na kila mwezi safari ilirefuka. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, udongo wake mwembamba. Mti ukiondoka, mvua inaubeba. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Wengi wanaishia hapo, kana kwamba mkimbizi ndiye shoka. Mimi siishii hapo. Kukata walikata, ni kweli. Lakini kuni, mianzi na makala (huku tunasema mkaa) viliuzwa pia, na katika biashara hiyo wanajeshi wa Zaire walikuwemo. Makambi yalifungwa mwishoni mwa 1996. Je, makala yalikwisha? Goma iliendelea kuyapikia, na mengi yalitoka Virunga. Julai 2007 masokwe wa milimani walipigwa risasi ndani ya hifadhi, akiwemo dume kubwa lililoitwa Senkwekwe. Lawama ziliwaangukia wafanyabiashara wa makala, waliokuwa wakizuiwa na walinzi wa hifadhi. Wakimbizi wa 1994 walikuwa wameondoka makambini zaidi ya miaka kumi.

Nasema haya kwa sababu na hapa tunaitwa wamaliza miti. Tulipofika, mama yangu alitoka alfajiri kutafuta kuni akarudi saa mbili asubuhi. Siku hizi anarudi saa saba mchana, na wenyeji anaokutana nao njiani wanatafuta kuni zilezile.

Kipindi kijacho tutamtembelea jirani anayefinyanga majiko ya udongo yasiyokula kuni nyingi. Usikose.