Changuu ya Ndani ya Kompyuta

Ukivuka kwa boti kutoka Mji Mkongwe wa Unguja, muda si mrefu unafika kisiwa cha Changuu. Watembeza wageni wanakiita Prison Island, yaani kisiwa cha jela. Jela kweli ilijengwa pale, miaka ya 1890, kwa uamuzi wa Lloyd Mathews aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani. Ila haikupata wafungwa. Kisiwa kiligeuzwa karantini: abiria wa meli zilizoshukiwa kubeba maradhi, kama homa ya manjano, walishushwa hapo wakasubiri.

Jela na karantini zinafanana kwa nje. Zote zina kuta, zote hutoki mpaka uruhusiwe. Lakini mfungwa ameshahukumiwa, na aliye karantini anashukiwa tu. Tofauti hiyo ndiyo tunayoisahau pale antivairasi inapotuandikia kwamba faili fulani limewekwa karantini, na sisi mbio kwenye kitufe cha kufuta.

Neno lenyewe ni la baharini. Mwaka 1377 mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wanaotoka sehemu zenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku zikawa 40, na kutokana na neno la Kiitaliano la arobaini likazaliwa jina karantini. Wakati ule hakuna aliyejua kimelea cha tauni. Walichokuwa nacho ni muda: mtu akiugua, ataugua mbele ya macho yao, asipougua, aende zake. Karantini basi ilianza kama dawa ya kutojua.

Kwenye kompyuta, ugonjwa ulipewa jina kabla karantini haijafika. Mwaka 1983 mwanafunzi Fred Cohen alionyesha huko Marekani programu inayojinakili ndani ya programu nyingine, na mwalimu wake Leonard Adleman akapendekeza iitwe kirusi. Mwaka 1986 kikatokea Brain, kirusi kilichoandikwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistani. Kilikaa kwenye diski laini, na ujanja wake unachekesha ukiufikiria: kilijificha kwenye sehemu za diski ambazo chenyewe kilikuwa kimeziwekea alama kuwa ni mbovu, ili kompyuta isiziguse. Kirusi kilijitenga chenyewe ili kiishi.

Antivairasi za mwanzo zilikuwa na kazi ya daktari zaidi kuliko ya askari. Virusi vingi vya wakati ule vilijibandika kwenye programu halali, kwa hiyo ukifuta faili umefuta na programu yako. Ilibidi kusafisha: kukata kipande kilichobandikwa, kuacha kilicho chako. Ila kusafisha hakufaulu kila mara. Tena zikaja programu ambazo ni uovu mtupu toka mwanzo hadi mwisho, hazina kiungo kizima cha kuokoa. Katikati ya kusafisha na kufuta palihitajika mahali pa tatu. Hapo ndipo kisiwa kilipopata kazi tena.

Kinachofanyika ni hiki. Antivairasi inaliondoa faili pale lilipokuwa na kulipeleka kwenye folda yake maalumu. Kwa kawaida inayavuruga maandishi yake ya ndani kwa ufunguo fulani, lisiweze kufunguka hata ukilibofya. Kisha inaandika kumbukumbu: lilitoka folda gani, siku gani, linashukiwa kuwa nini. Faili lipo lakini halina miguu. Na kwa kuwa njia lililopita imeandikwa, linaweza kurudishwa palepale.

Kwa nini lirudishwe? Kwa sababu mlinzi naye hukosea. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilitoa orodha mpya ya alama za virusi, na ndani yake mlikuwa na kosa. Kwenye kompyuta za Windows XP, antivairasi ililiona svchost.exe, faili halali ambalo Windows inalihitaji ili iende, ikalidhania kirusi. Kompyuta nyingi, hospitalini na maofisini, zikaanza kujizima na kujiwasha bila kukoma, mtandao nao ukakatika. Mafundi ikabidi wapite mashine moja baada ya nyingine kurudisha faili lililokamatwa bila hatia.

Kwa hiyo ukikuta kitu karantini, usiwe na haraka. Mle ndani hakikudhuru. Soma jina lake na mahali lilipotoka. Kama lilitoka kwenye flashi iliyozunguka stesheneri nzima na folda zake zimegeuka shotikati, huna sababu ya kulionea huruma. Kama ni sehemu ya programu unayoitumia kila siku, liache siku kadhaa, sasisha antivairasi, kisha likaguliwe upya. Watengenezaji wakigundua kosa lao huwa wanalirekebisha. Kulirudisha kwa sababu tu mchezo umegoma kufunguka, hilo ni kumshusha abiria mjini kabla siku hazijatimia. Na ukishajiridhisha kwamba ni kirusi kweli, futa bila wasiwasi.

Watu wa Ragusa wangeweza kuzifukuza meli zote, au kuzipokea zote. Walichagua kusubiri, wakakubali kwamba macho yao hayatoshi kumtambua mgonjwa siku ya kwanza. Miaka zaidi ya 600 baadaye, programu inayokagua mafaili kwa maelfu bado ina folda moja kwa ajili ya mambo isiyo na uhakika nayo. Kufuta hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana uamuzi huo, mara nyingi, imetuachia sisi.