Nani Anaijibu Shishiyu? Kutoka Redio ya 1973 Hadi Roboti wa Kuchati

Siku hizi ukisikiliza mazungumzo ya mjini utadhani roboti wa kuchati alizaliwa tarehe 30 Novemba 2022, siku kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipoifungua ChatGPT kwa umma. Mimi nabisha. Kitu hiki kina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo inapita huku huku kwetu. Naomba turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, aliandika mchezo wa kuigiza uitwao R.U.R. Humo ndimo dunia ilipopata neno roboti. Roboti wake walikuwa vibarua wa kutengenezwa kiwandani, na mwishowe wakawageuka mabwana zao. Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing akaliweka suala hilo kisayansi. Chati kwa maandishi na usiyemwona, alisema, kisha tuone kama utaweza kutofautisha mtu na mashine. Mwaka 1968 ikaja sinema ya 2001: A Space Odyssey na kompyuta yake HAL 9000, inayoongea kwa upole huku inaua wanaanga.

Hayo yote watu waliyaita ya kubuni. Lakini miaka 2 kabla ya sinema hiyo, yaani 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alikuwa ameshaandika kuhusu programu yake iitwayo ELIZA. Haikuelewa chochote! Ilichukua maneno yako, ikayageuza swali, ikakurudishia. Ukiandika una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Basi. Cha ajabu, katibu wake, ambaye alijua fika kuwa ni programu tu, alipoanza kuchati nayo alimwomba bosi atoke chumbani ili abaki nayo faragha. Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 akatoa kitabu kizima cha kuonya. Kilichomtisha ni wepesi wetu wa kuiamini mashine inayojibu vizuri.

Je, sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ilisema lakini haikusikia. Hata hivyo palikuwa na duara la watu. Mtu akisema jambo hili kwetu haliwezekani kwa sababu ardhi yetu ni mwamba, wenzake wanamsikia, na kiongozi wa kikundi yupo hapo hapo kujibu.

Kisha zikaja simu za kiganjani. Mwaka 2012 ulianza mpango wa Wazazi Nipendeni, ambapo mama mjamzito alijiandikisha na kutumiwa ujumbe mfupi wa afya bila malipo. Duara likawa dogo: mama na simu yake. Mwaka 2017 watafiti wa Google wakachapisha mbinu mpya ya kuifundisha kompyuta lugha, na juu ya mbinu hiyo ndipo zilipojengwa programu za leo. Zinasomeshwa maandishi mengi mno, halafu zinakisia neno linalofuata, na linalofuata, na linalofuata. Palipo na maandishi mengi zinakisia vizuri. Palipo na machache... zinakisia vile vile, kwa sauti ile ile ya kujiamini.

Na tusisahau mkono wetu. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi nchini Kenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuchambua maandishi machafu ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Kwa hiyo adabu ya mashine ile imegharimu usingizi wa vijana wa Nairobi.

Sasa njooni Shishiyu, mkoani Simiyu, ninakoandikia haya. Hapa ni nchi ya pamba. Mdogo wangu ameuliza programu moja, sitaitaja, kuhusu wadudu shambani kwake. Ilimjibu kwa Kiswahili safi, ikamtajia dawa ya kupulizia. Haikumuuliza kama ni chawajani au funza wa vitumba. Haikuuliza pamba ina umri gani, wala kama mvua imenyesha. Ukikosea dawa ya pamba umepoteza pesa, umepoteza msimu, na pengine umejiharibia mapafu. Nilipoijaribu kwa Kisukuma ilinijibu mchanganyiko ambao bibi yetu aliucheka hadi machozi. Lugha ya watu mamilioni, lakini mtandaoni maandishi yake ni haba, basi mashine inabuni.

Sisemi tuizime. Afisa ugani ni mmoja na mashamba ni mengi, na usiku wa manane simu inajibu. Ninachosema ni kwamba tulipokwenda mbele kiteknolojia tuliliacha duara njiani, na duara ndilo lililokuwa likikagua majibu. Pendekezo langu ni dogo: jibu la simu lisomwe kwanza kwa sauti mbele ya wenzako kwenye AMCOS, pamoja na mzee aliyelima pamba miaka 40 na afisa ugani akiwepo, kabla halijafika shambani. Na sisi tuliosoma tuandike Kisukuma, Kijita, Kinyaturu, tukiweke mtandaoni. Mashine haiwezi kujifunza tusichoandika.

Katibu wa Weizenbaum alitaka kubaki peke yake na mashine. Mkulima wa Shishiyu hana anasa hiyo.

Wadau, mnasemaje? Nawasilisha.